Kitenzi -pa: Maana, Mnyambuliko na Asili Yake

Kitenzi -pa ni kimoja kati ya vitenzi vifupi kuliko vyote katika Kiswahili. Mzizi wake ni herufi moja tu. Umekitumia tangu hujaanza shule: nipe maji, mpe bibi kiti, tupeni nafasi. Kwa sababu ya ufupi huo watahiniwa wengi hukipita haraka wanapodurusu, kisha kinawakwamisha katika sehemu tatu za mtihani: katika sarufi wanapotakiwa kubainisha mofimu, katika matumizi ya lugha wanapotakiwa kusahihisha sentensi, na katika maendeleo ya Kiswahili wanapotakiwa kuthibitisha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Ukikielewa kitenzi hiki kimoja vizuri, utakuwa umedurusu mada tatu kwa wakati mmoja.

Mifano mingi hapa chini imechukuliwa Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Ni katika barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, kabla gari halijaanza kupanda mlima Kitonga. Aliyepita huko anakumbuka mibuyu, joto la bonde la Ruaha, na vitunguu na nyanya zilizopangwa kando ya barabara. Mahali hapo watu huuziana, hukopeshana, hukabidhiana na kupeana vitu mchana kutwa, kwa hiyo panafaa kwa somo letu.

Baada ya kusoma mada hii utaweza:
(a) kutofautisha -pa na vitenzi vya jirani yake kimaana;
(b) kubainisha mofimu za maneno yenye mzizi -p- na kueleza dhima zake;
(c) kunyambua kitenzi -pa na kutaja nomino zinazotokana nacho;
(d) kutumia kitenzi hiki kama ushahidi wa asili ya Kiswahili.

1. MAANA YA MSINGI

Kumpa mtu kitu ni kukifanya kitu hicho kiwe mikononi mwake au kiwe chake. Katika tendo hili wapo wahusika watatu: anayetoa, anayepokea na kinachotolewa. Tazama:

Mkulima amempa dereva vitunguu.

Mkulima ni kiima, yaani mtoaji. Dereva ndiye mpokeaji, naye katika sarufi huitwa yambwa tendewa. Vitunguu ndivyo vinavyotolewa, navyo huitwa yambwa tendwa. Kitu kinachotolewa si lazima kiwe cha kushikika. Unaweza kumpa mtu pole, jina, ruhusa, ahadi au moyo.

Sasa linganisha na kitenzi -toa:

Mkulima ametoa vitunguu.

Sentensi hii imekamilika, ingawa hatujui vitunguu vimekwenda kwa nani. Kitenzi -toa hutazama kitu kinakotoka. Kitenzi -pa hutazama mtu anayekipokea. Ndiyo maana huwezi kusema "Mkulima amepa vitunguu." Sentensi hiyo si sanifu kwa sababu mpokeaji hayumo ndani ya kitenzi. Ni lazima iwe amempa, amewapa, amenipa na kadhalika.

Tofauti hii inaonekana wazi hata katika methali. Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Hapa mpokeaji hatajwi kwa sababu methali inazungumzia tabia ya mtoaji, yeyote yule atakayepokea. Neno usambe maana yake ni usiseme. Limetokana na kitenzi cha zamani -amba. Lakini katika methali "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mpokeaji yupo na anajulikana, kwa hiyo -pa ndicho kinachofaa.

Zingatia pia kwamba -toa kina maana nyingine ya kuondoa au kupunguza. Katika hisabati, kutoa ni kinyume cha kujumlisha. Ukisikia "Dalali ametoa elfu kumi," unaweza kuelewa kwamba amechangia elfu kumi, au kwamba ameikata kwenye hesabu ya mkulima. Tungo yenye maana zaidi ya moja huitwa tungo tata. Mfano huo ni mzuri wa kukumbuka ukiulizwa kuhusu utata katika lugha.

2. VITENZI JIRANI

Mtihani unaweza kukutaka utunge sentensi zinazoonyesha tofauti ya maana kati ya maneno yanayokaribiana. Jifunze haya:

-gawa: kutoa kitu kwa mafungu kwa watu wengi. Mwenyekiti amewagawia wanakikundi mbegu.

-tuza: kumpa mtu kitu kwa sababu amefanya vizuri. Shule imemtuza mwanafunzi bora.

-kirimu: kumpa mgeni chakula na huduma kwa ukarimu. Walitukirimu kwa ugali na samaki.

-azima: kutoa au kuchukua kitu kwa muda, bila malipo, ili kirudishwe kilekile. Kitenzi hiki hutumika pande zote mbili: Nimeazima jembe kwa jirani, Jirani ameniazima jembe. Ukitaka kuondoa utata kwa upande wa anayetoa, tumia -azimisha.

-kopesha: kumpa mtu fedha au mali ambayo atailipa baadaye. Anayepokea amekopa, anayetoa amekopesha.

-kabidhi: kumwachia mtu kitu akitunze, akisafirishe au akisimamie. Mkulima amemkabidhi dereva magunia hamsini. Magunia yako mikononi mwa dereva, lakini si mali yake.

Ona jinsi vitenzi hivi vinavyoligawa lile tendo pana la kutoa. Neno -pa linaweza kuingia katika karibu kila moja ya sentensi hizo, lakini ukilitumia unapoteza maelezo muhimu: je, kitu kinarudi au hakirudi? Kinalipiwa au ni bure? Jambo hili tutalirudia katika sehemu ya 7, kwa sababu linagusa fedha za watu.

3. MOFIMU ZA KITENZI -pa

Kitenzi -pa kimo katika kundi la vitenzi vya silabi moja pamoja na -la, -nywa, -fa, -ja na vingine. Mzizi wake ni -p-, na -a ni kiishio. Hata hivyo, hakifanani na wenzake katika jambo moja kubwa. Tazama jozi hii:

Nilikula
Nilikupa

Kwa macho maneno haya yanafanana, lakini ku iliyomo si ileile.

Katika nilikula, ku ni ile ya kitenzi-jina kula. Imebaki kwa sababu ya mkazo. Katika Kiswahili mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi vya njeo kama -li-, -me-, -na- na -ta- havibebi mkazo, kwa hiyo hatusemi "nilila." Tunaiacha ku ibebe mkazo: ni-li-KU-la.

Katika nilikupa, ku ni wewe. Ni kiambishi cha mtendwa, nafsi ya pili umoja. Kwa kuwa -pa lazima kiwe na mpokeaji ndani yake, kiambishi cha mpokeaji ndicho kinachobeba mkazo: ni-li-KU-pa, a-li-NI-pa, a-me-M-pa. Hivyo ku ya kitenzi-jina haihitajiki tena. Hii ndiyo sababu tunasema alinipa na si "alikunipa."

Sasa changanua neno sikukupa:

si- : kikanushi na nafsi ya kwanza umoja
-ku- : njeo ya wakati uliopita katika ukanushi
-ku- : mtendwa, nafsi ya pili umoja
-p- : mzizi
-a : kiishio

Ndani ya neno moja kuna ku mbili zenye dhima mbili. Linganisha na kukupa katika sentensi "Ninataka kukupa zawadi." Ku ya kwanza ni ya kitenzi-jina, ya pili ni mtendwa. Ukiulizwa dhima za kiambishi ku, kitenzi -pa peke yake kinakupatia tatu. Ya nne ni ya ngeli ya mahali, kama katika "Kule kunanyesha."

Katika amri, kiishio hubadilika na kuwa -e kwa sababu kiambishi cha mtendwa kipo: nipe, mpe, tupe, wape. Wanaoamriwa wakiwa wengi tunaongeza -ni: nipeni, mpeni. Soma sentensi hii:

Nipeni mzigo nikauweke Mbuyuni.

Neno nipeni lina ni mbili. Ya kwanza ni mtendwa, nafsi ya kwanza umoja. Ya mwisho inaonyesha wingi wa wanaoamriwa. Katika nikauweke, ni- ni mtenda, nafsi ya kwanza umoja. Na katika Mbuyuni, -ni inaonyesha mahali: m-buyu-ni, yaani kwenye mbuyu. Umbo moja, dhima nne, sentensi moja. Sentensi hiyo inafaa kuikariri.

Angalizo: Usichanganye mzizi -p- na kiambishi pa cha ngeli ya mahali. Katika "Hapa pana joto," pa- ni kiambishi cha upatanisho wa ngeli ya PA-MU-KU. Hakuna kutoa chochote hapo. Viambishi vyote viwili vinaweza hata kukutana katika neno moja:

Mbuyu ndio uliopapa mahali hapa jina.

u- : upatanisho wa kiima (mbuyu)
-li- : njeo, wakati uliopita
-o- : kirejeshi
-pa- : mtendwa, ngeli ya mahali
-p- : mzizi
-a : kiishio

Vilevile kitenzi -pata na nomino pato havitokani na -pa, ingawa sauti zinakaribiana. Mtu anaweza kupata bila kupewa.

4. MNYAMBULIKO

Kauli zinazotumika sana za kitenzi hiki ni tatu:

Kauli ya kutenda: -pa. Mwalimu amewapa wanafunzi madaftari.
Kauli ya kutendwa: -pewa. Wanafunzi wamepewa madaftari na mwalimu.
Kauli ya kutendana: -peana. Wanafunzi wamepeana mikono.

Mambo mawili ya kuzingatia.

Kwanza, umbo la kutendwa si "pwa." Vitenzi vya kawaida huongeza -w- tu: pika, pikwa, soma, somwa. Vitenzi vya silabi moja huhitaji irabu kabla ya -w-: la, liwa, nywa, nywewa, pa, pewa. Kwa hiyo walipewa huchanganuliwa wa-li-p-ew-a.

Pili, kiima cha -pewa ni mpokeaji, si kitu. Tunasema "Dalali alipewa vitunguu na mkulima." Hatusemi "Vitunguu vilipewa dalali." Ukitaka vitunguu viwe kiima, tumia -toa: "Vitunguu vilitolewa kwa dalali." Kosa hili huonekana sana katika majibu ya kubadili sentensi kutoka kauli ya kutenda kwenda kauli ya kutendwa.

Huenda umesikia watu wakisema "nipee" au "nimempea," hasa kutoka Kenya. Hayo ni mazungumzo ya mitaani. Kitenzi -pa tayari kina maana ya kutendea ndani yake, kwa hiyo katika Kiswahili sanifu hakihitaji kuongezewa kiambishi cha kutendea. Andika nipe na nimempa. Tena, usijilazimishe kujaza kila kauli kwenye jedwali. Si kila kitenzi hukubali kauli zote, na mtahini anatafuta maneno yanayotumika kweli.

5. NOMINO NA MISEMO

Uundaji wa maneno kwa uambishaji unaonekana vizuri katika nomino hizi:

mpaji: mtu atoaye. Kiambishi m- huonyesha mtu, na -ji huonyesha mtendaji wa mazoea, kama katika msomaji na mwimbaji.
upaji: tabia ya kutoa, ukarimu.
kipaji: uwezo wa asili alionao mtu, kana kwamba alipewa. Ana kipaji cha kuchora.
kipawa: maana yake inakaribiana sana na kipaji.

Neno kipaji pia hutumika kwa sehemu ya uso iliyo juu ya macho, yaani kipaji cha uso. Hiyo ni maana nyingine kabisa, na inakufaa kama mfano wa utata wa neno moja.

Katika misemo, -pa husafiri mbali na maana yake ya msingi:

kumpa mtu moyo: kumtia nguvu asikate tamaa
kumpa mtu kisogo: kumgeuka au kumpuuza
kumpa mtu mkono: kumsalimia, kumpongeza au kumfariji
kumpa mtu kichwa: kumsifu mpaka akavimba
kumpa mtu vidonge vyake: kumwambia ukweli mchungu bila kumficha

Ukitumia misemo hii katika insha, itumie mahali pake. Msemo mmoja uliokaa vizuri unapendeza kuliko mitano iliyorundikwa katika aya moja.

6. ASILI YA KITENZI -pa

Katika mada ya asili ya Kiswahili umejifunza kwamba wapo waliodai Kiswahili ni Kiarabu kwa sababu kina maneno mengi yenye asili ya Kiarabu. Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Watahiniwa wengi hulitaja hitimisho hilo bila kulithibitisha. Kitenzi -pa kinakupatia uthibitisho wa aina mbili: msamiati wa msingi na muundo.

(i) Ushahidi wa msamiati

Tazama neno la kutoa, pamoja na neno la kuonyesha mahali karibu, katika lugha mbalimbali za Kibantu:

Kiswahili: kupa, hapa
Kinyakyusa (Mbeya): ukupa, apa
Kishona (Zimbabwe): kupa, pano
Kizulu (Afrika Kusini): ukupha, lapha
Kitswana (Botswana): go fa, fano
Kinyarwanda (Rwanda): guha, hano
Kikuyu (Kenya): kũhe, haha
Luganda (Uganda): okuwa, wano

Usiangalie tu kwamba maneno yanafanana. Angalia jinsi yanavyotofautiana. Penye p katika Kiswahili, Kinyarwanda na Kikuyu vina h, Kitswana kina f, na Luganda ina w. Tofauti hiyo inajirudia katika safu zote mbili, ingawa kutoa na mahali ni maana zisizohusiana. Mabadiliko ya sauti yanayofuata utaratibu namna hiyo hayawezi kuwa bahati nasibu, wala hayafanani na ukopaji wa neno mojamoja. Yanaonyesha kwamba lugha hizi zimetoka katika lugha mama moja. Wataalamu huandika mzizi wa neno hilo la kale hivi: *-pa-. Nyota mbele ya mzizi inamaanisha kwamba umbo hilo halikukutwa limeandikwa mahali. Limekisiwa kwa kulinganisha lugha zilizopo.

Mtaalamu Mjerumani Carl Meinhof alilinganisha sauti za lugha za Kibantu kwa njia hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1899. Mwingereza Malcolm Guthrie aliziainisha lugha hizo katika kanda mwaka 1948, kisha akachapisha kazi kubwa ya ulinganishi kati ya mwaka 1967 na 1971. Katika uainishaji wa Guthrie, Kiswahili kimo katika kanda G, kwa alama G42. Kihehe, lugha ya wenyeji wengi wa Iringa, nacho kimo katika kanda hiyohiyo kwa alama G62, na Kibena ni G63.

(ii) Ushahidi wa muundo

Neno amempa hubeba mtenda, njeo, mtendwa na mzizi kwa kupanga viambishi kimoja baada ya kingine. Huo ndio utaratibu wa vitenzi vya Kibantu. Kiarabu hujenga vitenzi vyake kwa njia tofauti: mzizi wake kwa kawaida ni konsonanti tatu, na maana hubadilishwa sana kwa kubadili irabu zilizo katikati ya konsonanti hizo.

(iii) Je, Kiarabu hakikuchangia?

Kilichangia, tena sana. Katika eneo hilihili la kutoa tuna sadaka, zaka, hiba, zawadi, karimu, -kirimu na -kabidhi, yote yenye asili ya Kiarabu. Tuna pia bakshishi, yenye asili ya Kiajemi. Lakini chunguza aina ya maneno hayo. Mengi yanahusu dini, sheria, biashara na adabu za kijamii, mambo ambayo watu wa pwani walishirikiana na wageni kwa karne nyingi. Tendo lenyewe la mama kumpa mtoto chakula halikuhitaji neno la kukopa. Msamiati wa msingi kama -pa, -la, -nywa, -fa na -lala umebaki wa Kibantu.

Hali hii haikitokei Kiswahili peke yake. Kiingereza kina kitenzi "give," ambacho ni ndugu wa "geben" ya Kijerumani. Zamani Waingereza walikitamka kwa sauti y mwanzoni; g ya leo inahusishwa na lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza. Lakini Kiingereza kina pia "donate," neno lenye asili ya Kilatini, kutokana na "donum," yaani zawadi. Neno la ukoo linatumika nyumbani kila siku, neno la kukopa linatumika zaidi katika michango rasmi. Hakuna anayesema kwamba Kiingereza ni Kilatini kwa sababu ya maneno ya mkopo. Kwa kipimo hichohicho, maneno ya Kiarabu hayakifanyi Kiswahili kuwa Kiarabu.

7. KITENZI -pa KATIKA MAANDISHI YA MAKUBALIANO

Mada ya uandishi inakutaka uandike kwa lugha isiyo na utata. Chukua mfano huu wa karatasi ya makubaliano kati ya mkulima wa vitunguu na mfanyabiashara:

"Mkulima amepewa mbegu na mbolea. Baada ya mavuno atatoa magunia manne."

Kisarufi sentensi hizi hazina kosa. Kimaana zina matundu makubwa. Amepewa na nani? Kauli ya kutendwa imemficha mtoaji. Amepewa kama zawadi, msaada au mkopo? Kitenzi -pa hakisemi. Mbegu na mbolea zilikuwa za thamani gani? Magunia atayatoa kwa nani? Kitenzi -toa hakilazimishi mpokeaji atajwe. Na gunia ni la kipimo gani: la kawaida, au la lumbesa lililoshonewa kilemba juu? Msimu ukiwa mbaya au bei ikipanda, kila upande utaisoma karatasi hiyo kwa namna inayoupendelea, na mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda.

Sasa soma namna hii:

"Mfanyabiashara amemkopesha mkulima mbegu na mbolea zenye thamani ya shilingi 400,000. Baada ya mavuno mkulima atamlipa mfanyabiashara huyo magunia manne ya vitunguu, kila gunia likiwa na kilo 100 kwa mizani. Baada ya hapo mkulima hatadaiwa chochote."

Vitenzi vimebadilika: -pewa imekuwa -kopesha, na -toa imekuwa -lipa. Mtenda na mtendwa wote wanaonekana. Mwanafunzi wa kidato cha nne mara nyingi ndiye anayeitwa nyumbani kusoma karatasi kama hiyo kabla baba au mama hajaweka dole gumba. Ukikuta amepewa, uliza: na nani, kwa masharti gani? Ukikuta atatoa, uliza: kwa nani, kiasi gani, kwa kipimo gani? Maswali hayo ni ya sarufi, na ukiyauliza kabla ya sahihi unaweza kuokoa mavuno ya msimu mzima.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Bainisha mofimu za neno hukunipa na ueleze dhima ya kila moja.

2. Sahihisha sentensi hizi:
(a) Mama amepa mtoto chakula.
(b) Magunia yalipewa dereva jana.
(c) Mwalimu alikunipa kitabu.

3. Eleza dhima ya ku katika sentensi hizi:
(a) Nilikula ubuyu.
(b) Nilikupa ubuyu.
(c) Sikumpa ubuyu.

4. Tunga sentensi moja kwa kila kitenzi ili kuonyesha tofauti ya maana: -pa, -kopesha, -kabidhi.

5. Kwa kutumia kitenzi -pa, toa hoja mbili kuthibitisha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu.

9. MAJIBU

1. hu- : kikanushi na nafsi ya pili umoja, -ku- : njeo ya wakati uliopita katika ukanushi, -ni- : mtendwa, nafsi ya kwanza umoja, -p- : mzizi, -a : kiishio.

2. (a) Mama amempa mtoto chakula. (b) Dereva alipewa magunia jana, au: Magunia yalitolewa kwa dereva jana. (c) Mwalimu alinipa kitabu.

3. (a) Ku ya kitenzi-jina, imebaki ili kubeba mkazo. (b) Mtendwa, nafsi ya pili umoja. (c) Njeo ya wakati uliopita katika ukanushi.

4. Mfano: Babu alinipa jembe, sasa ni langu. Kikundi kimenikopesha fedha, nitazilipa baada ya mavuno. Mwalimu amenikabidhi funguo za maktaba, nizitunze mpaka arudi.

5. Hoja ya kwanza ni msamiati wa msingi: mzizi wa -pa unapatikana katika lugha nyingi za Kibantu, na sauti yake ya kwanza hubadilika kwa utaratibu, mfano kupa kwa Kishona, guha kwa Kinyarwanda na okuwa kwa Luganda. Hoja ya pili ni muundo: kitenzi amempa hujengwa kwa kupanga viambishi vya mtenda, njeo na mtendwa kabla ya mzizi, kama ilivyo katika lugha nyingine za Kibantu.

ZOEZI LA NYUMBANI

Waulize wazee watatu wanaozungumza lugha tofauti, kwa mfano Kihehe, Kibena, Kisangu, Kikinga au Kinyakyusa, jinsi wanavyosema "nipe maji" na "njoo hapa." Andika majibu katika jedwali lenye safu mbili, kisha chunguza sauti iliyokaa mahali pa p ya Kiswahili. Ukilijaza jedwali hilo mwenyewe, utaingia kwenye chumba cha mtihani ukiwa na mifano ya kwako, kutoka kwenu.